Fundo

Fundo la kwanza napitisha mapajani,
la pili kiunoni,
la tatu nalikaza kwenye chuma cha nyuma,
na Faki ananikemea: "Kaza, we! Wafunga mbuzi?"

Kamba ni ile ile ya usumba.
Misimu tisa ilipanda mikarafuu ya Mtambwe,
ikiyavuta matawi yaje mkononi mwake,
mpaka siku tawi lilipokataa kuja,
likaenda naye.

Wako waliosema jicho.
Mama alisema mvua ya jana yake, gome liliteleza.
Mimi sikusema.
Mimi ndiye niliyekuwa chini na pakacha,
nikanyoosha kidole: "Kaka, na shada lile,
lile jekundu, hilo moja tu."

Aliye juu mngojee chini.
Nilimngoja.

Mkoani tulilala siku arobaini na moja.
Daktari aligusa unyayo kwa sindano: "Hapa?"
Faki akatazama dari.
Goti. "Hapa?"
Dari.
Alipovuka kitovu ndipo Faki alipoguta:
"Hapo wanichoma!"
na mama akashukuru, asijue anashukuru nini.

Kisha miaka miwili ya kitanda cha chuma,
redio, na ukuta.
Msimu ukifika harufu huingia bila hodi,
naye hugeuza uso.
Wageni wakimsemesha polepole, kwa sauti ya juu,
kana kwamba kilichovunjika ni masikio.

Siku moja tulimtoa kizingitini alinde majamvi.
Mbuzi wa Bi Time akaja, akapiga domo katika karafuu mbichi.
Faki akapapasa, akapata jiwe la mizani,
akalirusha.
Likampita mbuzi,
likapita ua,
likapasua mtungi wa Bi Time mchana kweupe.

Bi Time alikuja na kigae mkononi na matusi mdomoni.
Akaona mtu aliyekaa.
Akarudi kwake akihesabu hatua, akaja tena akihesabu:
kumi kwenda, kumi kurudi.
"Na mikono hiyo mnaiweka akiba ya nini?"
Kisha akadai elfu nne za mtungi,
na tulilipa.

Fundi Ngwali alikikata kitanda kile kile,
akakichomelea kiwe kiti cha kutupia tufe.
Asubuhi ya kwanza, nyuma ya skuli,
kiti na Faki vilipinduka pamoja.
Nikakimbia. Mdomo umejaa mchanga, anacheka:
"Nimeshaanguka kutoka juu kuliko hapa."

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi baadaye.
Bega lilivimba. Vidonda vya kukaa vilimrudisha kitandani
mwezi wa Rajabu wote, na kitanda hatunacho,
akalala mkekani, amekasirika, akihesabu mita.

Leo Gombani, mvua ya rasharasha.
Watu wanne, viti vinne, mwamuzi mmoja mwenye mwavuli.
Mitupo mitano imekwisha
na kamba imeanza kulegea.
Nimepiga magoti kwenye tope, nafunga upya,
na hapo, wallahi sijui kwa nini hapo,
neno la miaka minne likanitoka:
"Kaka, shada lile, mimi ndiye niliyekuonyesha."

Alikuwa akiipangusa tufe kwenye kanzu yangu.
"Nililiona kabla yako," alisema. "Lilikuwa zuri.
Kaza."

Nikakaza.

Tufe lilitoka shingoni kama neno lililokawia.
Mita saba na sentimita thelathini na moja.
Wa tatu kati ya wanne, basi;
hapakupigwa ngoma.
Lakini alilitazama lile shimo dogo kwenye majani
lilivyokuwa likijaa maji,
akalitazama sana,
kama mtu anayeonyeshwa kiwanja chake.

Mafundo yamelowa, hayafunguki kwa vidole.
"Yaache," anasema, "hatuna haraka."
Nainama, nayafungua kwa meno,
moja, jingine,
na katika uzi wa usumba, baada ya yote hayo,
ladha ya karafuu bado imo.